Mrehani na Kivumbasi: Kuyatambua Makundi Yake kwa Mafuta

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye shamba dogo anayelima mrehani au kivumbasi ili auze majani makavu au mafuta yake. Litamfaa pia yule anayefikiri kuanza kilimo hiki. Lisomeni pamoja katika kikundi chenu, kisha mwende shambani mkajaribu yaliyoandikwa hapa.

1. KWA NINI MACHO HAYATOSHI

Mkulima wa mahindi huitambua mbegu yake kwa kuitazama. Nyeupe ni nyeupe, na ya njano ni ya njano. Mkulima wa mrehani hawezi kufanya hivyo. Miche miwili ya mrehani yaweza kuwa na majani sawa, shina sawa na maua sawa, nayo imesimama katika mstari mmoja. Lakini ukisugua jani la mmoja hunukia kama shamari, na jani la mwingine hunukia kama karafuu.

Mwenye kununua mafuta halipi fedha kwa ajili ya jani zuri. Hulipa kwa ajili ya kile kilichomo ndani ya jani. Akiagiza mafuta ya namna moja na wewe ukampelekea ya namna nyingine, atayakataa hata kama ulipalilia vizuri na kumwagilia kila jioni. Kwa hiyo hapana budi mkulima ajue shamba lake ni la kundi gani kabla ya kuvuna, na zaidi ya hayo, kabla ya kupanda.

Majina nayo hayasaidii sana. Jina la kivumbasi hupewa mimea zaidi ya mmoja. Mahali pengine ni kile kichaka kirefu ambacho watu hukata matawi yake na kuyaweka nyumbani ili kufukuza mbu. Mahali pengine ni mmea mdogo unaoota kando ya njia. Ukiomba mbegu ya kivumbasi kwa rafiki wa wilaya nyingine, yawezekana ukaletewa kitu usichokitaka.

2. MAFUTA YA KUNUKIA NI NINI

Katika ngozi ya jani la mrehani mna vifuko vidogo sana, visivyoonekana vizuri kwa macho matupu. Ndani ya vifuko hivyo mna mafuta. Ukisugua jani, vifuko hupasuka na harufu hutoka. Ndiyo sababu jani lililotulia hunukia kidogo, na jani lililosuguliwa hunukia sana.

Mafuta haya si kama mafuta ya nazi au ya alizeti. Mafuta ya kupikia hayageuki mvuke upesi, bali mafuta ya kunukia hupaa hewani. Jaribu hivi: tia tone moja la mafuta ya mrehani juu ya karatasi nyeupe, na kando yake tone moja la mafuta ya kupikia. Yaache mpaka kesho. Tone la mafuta ya mrehani litakuwa limetoweka au karibu kutoweka, na la kupikia litaacha doa. Mtu akikuuzia mafuta ya mrehani yanayoacha doa kubwa la uto, yaelekea yamechanganywa.

Mafuta ya kunukia si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa viini vingi vya harufu, kama pilau ilivyo na bizari nyingi. Lakini katika pilau huwa kuna kiungo kimoja au viwili vinavyotawala. Hali kadhalika katika mafuta: kiini kimoja au viwili huwa vingi kuliko vingine, na hivyo ndivyo vinavyotupa kundi.

3. VIINI VIKUBWA NA HARUFU ZAKE

Hivi ndivyo viini ambavyo mkulima wa mrehani na kivumbasi yampasa kuvijua:

(a) Linaloli. Hunukia kama maua, harufu laini. Mbegu za giligilani zilizosagwa zina linaloli nyingi. Zinuse ili uizoee.

(b) Estragoli. Hunukia kama shamari, tamu na kali kidogo.

(c) Yujenoli. Hii ndiyo harufu ya karafuu. Sehemu kubwa kabisa ya mafuta ya karafuu na ya makonyo ya Unguja na Pemba ni yujenoli.

(d) Methili sinamati. Hunukia kama mdalasini uliochanganywa na tunda lililoiva.

(e) Sitrali. Hunukia kama limau. Ndiyo inayofanya mchaichai unukie vile.

(f) Kafuri. Hii ndiyo inayoitwa pia karafuu maiti. Jina lisikudanganye: si karafuu, wala haina yujenoli. Harufu yake ni kali na ya ubaridi puani.

(g) Timoli. Hunukia kama dawa ya kusukutua kinywa.

Sasa litazameni jambo la ajabu. Kila kimoja cha viini hivi saba kimejengwa kwa atomi 10 za kaboni, pamoja na atomi za haidrojeni na oksijeni. Sitrali na kafuri hata hesabu ya atomi zao ni ile ile: kaboni 10, haidrojeni 16, oksijeni 1. Mbona basi moja ni limau na nyingine ni karafuu maiti? Ni kwa sababu ya namna atomi zilivyopangwa. Mafundi wawili wakipewa matofali sawa kwa hesabu, mmoja aweza kujenga ukuta mrefu na mwingine akajenga kisima cha mviringo. Katika sitrali kaboni zimepangwa kama mnyororo; katika kafuri zimefungwa zikawa duara. Mmea wenyewe ndiye fundi, na ufundi huo umo katika mbegu, umerithiwa kutoka kwa mama na baba.

Kwa sababu hiyo mbolea haiwezi kugeuza mrehani wa estragoli ukawa wa yujenoli. Udongo, mvua, jua na umri wa mmea hubadili wingi wa mafuta, na hubadili kiasi cha kila kiini juu au chini. Lakini kundi lenyewe hutokana na uzazi. Anayetaka kundi jingine sharti apate mbegu nyingine.

4. JINSI WATAALAMU WALIVYOYAPANGA MAKUNDI

Mrehani wa kawaida, ambao wataalamu huuita Ocimum basilicum, ndio uliochunguzwa zaidi. Mwaka 1949 Ernest Guenther wa Marekani aliyapanga mafuta yake katika makundi manne. La kwanza ni la Ulaya, lenye linaloli na estragoli, bila kafuri. La pili aliliita la Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi. Lina estragoli nyingi, na kafuri imo. Kundi hili ndilo pia la mrehani wa Komoro. La tatu ni la methili sinamati, na la nne ni la yujenoli.

Baadaye, mwaka 1988, Brian Lawrence aliyapanga makundi kwa kutazama kiini kilicho kingi kupita vyote. Ndipo mwaka 1996 Renée Grayer na wenzake wakaonyesha ya kuwa kutazama kiini kimoja tu hakutoshi. Wao walishauri kila kiini kinachofika 20 katika kila 100 za mafuta kitajwe katika jina la kundi. Tena waliona ya kuwa umbo la mmea na kundi la mafuta haviendi pamoja sikuzote. Hilo ndilo tulilosema mwanzoni: macho hayatoshi.

Kanuni hii ya 20 ni rahisi, na mkulima yeyote aweza kuitumia akiletewa karatasi ya maabara. Huu ni mfano wa kujifunzia tu:

Mafuta ya kwanza: linaloli 48, yujenoli 22, vingine vyote 30, na hakuna kimoja kati ya hivyo kinachofika 20. Kundi lake: linaloli na yujenoli.

Mafuta ya pili: estragoli 76, linaloli 9, vingine 15. Kundi lake: estragoli peke yake.

5. NDUGU ZA MREHANI HUKU KWETU

Mrehani wa kawaida. Ni mmea mfupi wa msimu mmoja, unaopandwa kwa mbegu. Huko pwani majani yake hutiwa katika vikuba pamoja na asumini. Makundi yake ni mengi, kama tulivyoona. Mbegu zinazotoka Italia kwa jina la Genovese ni za upande wa linaloli. Mrehani wa Kithai ni wa estragoli.

Mrehani wa limau. Ni chotara, aliyezaliwa kwa mrehani wa kawaida na ndugu yake mdogo wa porini. Kiini chake ni sitrali.

Kivumbasi kirefu, yaani Ocimum gratissimum. Ni kichaka kinachodumu miaka, chaweza kupita kimo cha mtu. Katika Afrika ya Mashariki kilichochunguzwa mara nyingi ni cha yujenoli. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya mafuta ya kivumbasi cha mashariki ya Kenya, na zaidi ya theluthi mbili yalikuwa yujenoli. Lakini Afrika ya Magharibi mmea huu huu mara nyingi ni wa timoli. Basi hata jina la kitaalamu halitoshi kukuambia kundi la mafuta.

Kivumbasi cha kafuri, yaani Ocimum kilimandscharicum, kilichopewa jina la mlima Kilimanjaro. Ni kichaka chenye majani ya rangi ya kijivujivu. Wakulima wa kando ya msitu wa Kakamega, Kenya, katika kikundi cha Muliru, wamekilima badala ya kukitafuta porini. Hukamua mafuta yake kwa mvuke, na mafuta hayo hutengenezwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Walisaidiwa na watafiti wa kituo cha icipe cha Nairobi. Kazi yao yatufundisha ya kuwa kikundi cha wakulima chaweza kufika sokoni, ikiwa mafuta yake ni ya kundi moja linalojulikana.

6. HASARA YA KUCHANGANYA

Tuseme wakulima wawili wana mashamba yanayopakana. Wa kwanza analima mrehani wa linaloli: mafuta yake yana linaloli 60 katika 100 na estragoli 2. Wa pili analima wa estragoli: mafuta yake yana estragoli 70 na linaloli 2. Kila mmoja peke yake ana bidhaa safi, na kila bidhaa ina mnunuzi wake.

Wakichanganya majani yao katika pipa moja, nusu kwa nusu ya mafuta, watapata linaloli 31 na estragoli 36. Kwa kanuni ya 20 karatasi ya maabara itasema: kundi la linaloli na estragoli. Lakini hakuna mche hata mmoja shambani wenye mafuta ya namna hiyo. Msimu ujao mvua ikinyeesha zaidi upande mmoja, hesabu zitabadilika, na mnunuzi atasema, "Haya si yale ya mwaka jana."

Tena kuna jambo la sheria. Tangu mwaka 2008 Umoja wa Ulaya una kanuni inayoweka mpaka wa estragoli katika baadhi ya vyakula na vinywaji, kwa sababu ya hofu ya madhara ya kiini hicho kikizidi. Mtengenezaji wa vyakula anayetaka mafuta ya linaloli anaweza kuyakataa mafuta yenye estragoli 36, hata kama yananukia vizuri.

Lililo baya kuliko hayo ni mbegu. Nyuki hupenda sana maua ya mrehani, na nyuki hajui mpaka wa shamba. Huchukua chavua kwa jirani na kuileta kwako. Mbegu utakazovuna zitakuwa na machotara, nayo hayataonekana kwa macho. Mwaka wa kwanza utaona miche michache yenye harufu ngeni. Usipoing'oa, itaongezeka mwaka hata mwaka. Kazi ya miaka mitatu yaweza kupotea hivyo.

7. KUKAGUA SHAMBA KWA PUA

Pua yako ni chombo kizuri, ukiitumia kwa utaratibu.

(i) Weka vielelezo katika vichupa vyenye vifuniko: karafuu, shamari, giligilani iliyosagwa na jani la mchaichai. Hivi ndivyo vipimo vyako.

(ii) Fanya kazi asubuhi umande ukisha kukauka. Usivute sigara wala usijipake manukato siku hiyo.

(iii) Nenda mstari kwa mstari. Chuma jani moja lililokomaa katika kila mche, lisugue, linuse mara moja, kisha linganisha na vielelezo.

(iv) Baada ya miche mitano au sita pumzika, kwa maana pua huchoka na kuzoea. Nawa mikono kila mara, la sivyo utanusa mche uliopita.

(v) Mche wenye harufu ngeni ufunge uzi mwekundu. Mwite mtu wa pili anuse bila kumwambia uliyoyaona. Mkikubaliana, ung'oeni kabla haujatoa maua.

Pua itakuambia, "Huu si kama wenzake." Haiwezi kukuambia hesabu. Hesabu hupatikana maabara, kwa mashine iitwayo kromatografu ya gesi. Mafuta kidogo hugeuzwa mvuke na kusukumwa katika bomba refu, jembamba sana. Kila kiini hupita kwa mwendo wake na kutoka kwa wakati wake, kama wakimbiaji wanaofika mmoja mmoja. Mashine huchora kilima kwa kila kiini. Kilima kikubwa ni kiini kingi. Mwombe Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yenu awaelekeze maabara iliyo karibu. Gharama yake mtu mmoja huiona nzito, lakini kikundi chaweza kuilipa kwa kuchanga.

Mnapopeleka mafuta, yawe yamekamuliwa kutoka kwa miche mingi ya pande zote za shamba, yote ikiwa katika umri mmoja. Andikeni juu ya chupa tarehe, jina la shamba, na kama mmea ulikuwa na maua au la.

8. KULINDA MBEGU NA MICHE

Iliyo bora ni kijiji kizima kukubaliana kulima kundi moja la mrehani. Ikiwa haiwezekani, chagueni shamba moja la mbegu lililo mbali na mengine, na yale mengine yakatwe kabla maua hayajafunguka. Anayetaka mbegu chache aweza kufunika miche michache kwa chandarua chepesi kabla ya maua, ili nyuki wasifike.

Kwa kivumbasi kirefu na kivumbasi cha kafuri kuna njia iliyo rahisi zaidi. Hivyo huota kwa vipande vya matawi. Chagua mche mama ambao mafuta yake yamepimwa, kata vipandikizi vyenye afya, uvipande kitaluni penye kivuli mpaka vishike mizizi. Kipandikizi hakina baba. Kitakuwa sawa na mama yake, na mafuta yake yatakuwa ya kundi lile lile.

9. KUVUNA NA KUKAMUA

Kwa mafuta, mrehani huvunwa maua yakiwa yamechanua. Kila kundi likamuliwe peke yake, na pipa lioshwe vizuri kabla ya kuingiza kundi jingine. Msishangae mafuta yakiwa machache: katika kilo 100 za mrehani mbichi mara nyingi hupatikana chini ya nusu kilo. Ndiyo sababu uchafu kidogo ni hasara kubwa.

Kila kundi lina tabia yake. Mafuta yenye linaloli nyingi ni mepesi, huelea juu ya maji upesi. Mafuta yenye yujenoli nyingi yana uzito unaokaribia wa maji, hivyo hujitenga polepole, yaacheni yatulie. Tena yasiguse chuma kinachoshika kutu, maana yujenoli ikikutana na chuma mafuta huwa meusi. Tumieni chombo cha chuma kisichoshika kutu, na chupa ya kioo. Mafuta ya kivumbasi cha kafuri yakipoa hutoa chembe nyeupe kama sukari. Hizo ni kafuri yenyewe, msizitupe.

Wekeni mafuta katika chupa za rangi ya giza, zilizojaa na kufungwa, mahali penye ubaridi.

ONYO. Mafuta haya si ya kunywa. Kafuri ni sumu hasa kwa watoto wadogo. Msimpake mtoto puani, na msiache chupa mahali anapofika. Jani la kutia mchuzi ni jambo moja; mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwa gunia zima la majani ni jambo jingine kabisa.

MASWALI KWA KIKUNDI

1. Kwa nini miche miwili ya mrehani iliyo sawa kwa umbo yaweza kuwa ya makundi mawili?

2. Karatasi ya maabara yasema: linaloli 41, estragoli 33, vingine 26, na hakuna kimoja kati ya hivyo kinachofika 20. Taja kundi lake. Kisha eleza jinsi utakavyojua kama ni kundi la kweli au ni shamba lililochanganyika. (Nendeni shambani mkanuse mche mmoja mmoja: kama kila mche unanukia kama mwenzake, yaelekea ni kundi la kweli, kama harufu ni mbili, shamba limechanganyika.)

3. Jirani yako amepanda mrehani wa kundi jingine, nao utatoa maua wiki ijayo. Mtakubaliana kufanya nini, na nani atakata maua yake?